Kashata za Jani la Mgomba

Kokuberwa alikuwa na majivuno, na afadhali tuliseme hilo mapema kabla wenye midomo hawajalisema vibaya. Alijivunia kashata zake. Hakuzisifia, maana chema chajiuza. Aliziweka tu mbele ya watu, akakunja mikono na kungoja. Zilikuwa kashata za karanga na sukari guru, nyembamba, za rangi ya kahawia inayong'aa. Ukizivunja zinalia tak, na ukizitafuna hazinati kwenye meno. Ndani yake hamkuwa na tone la samli wala la maziwa, na fundi yeyote aliyeambiwa hivyo alibisha kwanza. Kwa miaka minane hapakuwa na ubatizo, posa wala sikukuu ya parokia katika vilima vile vya Muleba, upande wa Kamachumu, ambako trei yake haikufika.

Kisha Clavery, mumewe, akafa, na trei ikaanza kurudi nyumbani imejaa.

Clavery alikuwa fundi cherehani. Baada ya vita vya mwaka wa sabini na tisa alianza kuvuka mpaka wa Mutukula kwenda kununua vitambaa Uganda, na miaka ile kulikuwa na kitambaa kilichoitwa Juliana, kilichopendwa na kila mwanamke mwenye macho. Ugonjwa ulipoanza kuwakondesha wafanyabiashara mmoja baada ya mwingine, watu waliupa jina la kitambaa hicho hicho. Clavery aliugua mwaka mzima. Kokuberwa alimwosha, alimlisha na kumgeuza kitandani, na alipomzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, hakuwa na cha kujilaumu.

Mwezi wa pili baada ya matanga alipeleka trei kwenye ubatizo kwa jirani. Waliipokea kwa mikono miwili, wakamshukuru, wakaiweka juu ya kabati. Jioni mtoto akairudisha. Kamba ya mgomba iliyofunga jani la juu haikuwa hata imelegezwa. Baadaye alikuja muuguzi kanisani, akaeleza mbele ya watu wote kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa chakula wala kwa kikombe. Watu waliitikia kwa vichwa, wakarudi nyumbani, wakaendelea kutenga vikombe vyao. Kokuberwa mwenyewe hakujua alichonacho wala asichonacho. Alikuwa na nguvu zake, alipalilia kahawa yake na kupanda mlima na ndoo kichwani. Kupima damu kulikuwa safari, naye alisema ataifunga safari hiyo Celina akishaolewa.

Celina alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa amerithi cherehani ya baba yake na mkono wake pia, na mjini, alikokwenda kushona sare za shule, alikutana na Josia, mwalimu wa shule ya msingi huko Kagondo. Josia hakujali maneno ya watu. Lakini kijana haoi peke yake, na ukoo wake wa Rubafu ulikuwa umepanga kuja kuposa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka wa tisini na moja.

Jumanne ya wiki hiyo alikuja Kagaruki, kaka wa marehemu, aliyekuwa sasa mkubwa wa familia. Alikataa kiti, akasimama mlangoni akizungushazungusha kofia yake mikononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye nia njema ni kazi kubwa kumkatalia. Alieleza kwamba ndizi na nyama zitapikwa kwake na kuletwa. Lubisi, pombe ya ndizi, itatoka kwake. Akamwani, zile buni za kutafuna ambazo mgeni hupewa kabla ya neno lolote kusemwa, atazitoa yeye. Kuhusu kashata, akakohoa, akasema safari hii tuziache.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Uhayani kitu cha mgeni huonjwa kwanza na anayekitoa, tena mbele ya macho ya mgeni, ili ajue hakina sumu. Anayetoa lubisi hunywa kwanza. Anayetoa akamwani hutafuna kwanza. Kisichoonjwa hakiliwi, na kumpa mtu kitu bila kukionja ni kama kumwambia usoni kwamba humtakii mema. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na kila mtu alijua pia kwamba hakuna ambaye angegusa kitu baada ya mdomo wa mjane wa Clavery kukigusa.

"Shemeji," Kagaruki alisema, "ukionja wewe, watakataa. Na wakikataa cha mkononi mwako, wamekataa na mtoto."

"Mwenye nyumba hii ni nani?"

Kagaruki alitazama upande wa migomba, kaburi lilipokuwa.

"Basi mwenye nyumba ndiye anayetoa," Kokuberwa alisema. "Mwanangu hataolewa kutoka nyumba iliyofichwa."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana hivi: akamwani atazitoa Kagaruki, kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo. Kashata atazitoa Kokuberwa, ataonja mwenyewe, na atawapa kwa mkono wake. Ikiwa hakuna atakayechukua, ataingia ndani, atamwachia shemeji yake shughuli yote, na hatatoka tena mpaka wageni waondoke. Si siku hiyo tu. Hata siku ya harusi atabaki ndani. Celina alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza, na aliposikia hilo alitoka akiwa na machozi, akamsihi mama yake aachane na kashata. Kokuberwa alimfuta machozi kwa kanga yake, akamwambia kesho anakwenda mjini kununua sukari guru.

Sukari guru aliinunua sehemu moja tu, dukani kwa Laxmidas, Bukoba mjini, na ili ueleweke ukaidi wake inabidi turudi nyuma miaka kumi na miwili na ushee, kwenye vita.

Wakati huo, kabla ya kurudi kijijini, yeye na Clavery walikuwa wamepanga chumba Rwamishenye, mjini hapo hapo. Clavery alishona barazani kwa Laxmidas, na Kokuberwa alisaidia kazi za nyumbani kwa mke wa Laxmidas, Induben, ambaye wote walimwita Mama Vijaya kwa jina la binti yake. Mama Vijaya alikuwa mwanamke wa Kihindi, mdogo wa umbo na mkali wa macho, aliyezaliwa Bukoba hapo hapo na kukisema Kiswahili bila kuremba. Alikuwa na sifa moja iliyojulikana kutoka Rubafu mpaka Muleba: hakula kwa mtu. Alikwenda kwenye harusi za wateja wake, kwenye misiba yao, akakaa, akatoa rambirambi, lakini alibeba maji yake ndani ya chupa na hakufungua mdomo kwa kitu kingine. Wenyeji walimtania kwamba siku akifika mbinguni atamuuliza Petro nani amepika. Yeye hakukasirika. Ndivyo alivyolelewa, alisema, na hakuwa na umri wa kulelewa upya.

Katikati ya Januari watu wake wana sikukuu, na sikukuu hiyo haiendi bila kashata. Mwaka ule wa sabini na tisa mabomu yalikuwa yameshadondoka mjini, nyumba nyingi za mtaa wao zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamekimbilia Mwanza. Daraja la Kyaka lilikuwa limebomolewa, na samli yake, aliyoletewa na mtu mmoja tu kutoka Karagwe, ilikuwa imekatika. Mama Vijaya alikaa jikoni akiwa na madonge mawili ya sukari guru yaliyobaki dukani na kilo moja ya karanga, akasema mwaka huu basi. Bila samli kashata itanata kwenye sahani, itanata kwenye mwiko, itanata kwenye meno, itakuwa gundi ya fundi viatu.

Kokuberwa alikuwa anaosha vyombo. Akasema bila kugeuka kwamba Wahaya wanapika bila samli tangu Nuhu na hawajanata popote.

Akatoka nje, akakata jani changa la mgomba, akalibabua juu ya moto mpaka likalainika na kutoa ule mng'ao wake wa mafuta. Akachukua karanga chache zilizokaangwa, akazitwanga kwenye kinu mpaka zikalia mafuta yenyewe, akayapaka juu ya jani kwa kidole. Mama Vijaya alisimama pembeni amekunja mikono. Lakini moto aliushika yeye. Ndiye aliyemfundisha Kokuberwa kuyeyusha sukari guru kwa vijiko viwili tu vya maji, kuikoroga taratibu, na kudondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Tone likivutika, bado. Likivunjika tak, toa haraka, tia karanga, geuza mara tatu, mwaga. Ukichelewa kwa kupepesa macho tu, uchungu unaingia na hautoki tena.

Ilitoka vizuri. Ilibanduka kwenye jani kama ganda la ndizi mbivu. Kokuberwa alifurahi mno, na katika furaha hiyo akafanya alivyolelewa: alichukua kipande cha kwanza, akakiuma mbele ya macho ya mama yule, akakirudisha juu ya jani pamoja na vingine, akapiga goti kidogo, akamkabidhi jani lote kwa mikono miwili.

Mama Vijaya alipauka. Alilichukua jani lile, akatembea nalo mpaka kwenye jalala la nyuma, akamwaga kila kitu. Wakati wa vita, sukari haipatikani, akamwaga.

Kokuberwa alivua aproni, akaitundika msumarini, akaenda zake Rwamishenye. Kwa siku tatu alimweleza kila aliyepita kwamba kuna watu wanaomwona Mhaya kama uchafu. Siku ya nne Mama Vijaya alikuja mwenyewe kwa miguu, ameshika kifurushi cha gazeti. Hakukaa, wala maji hakuyataka. Alisimama mlangoni akasema kwamba kwao kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu hakiliwi na mwingine, hata kama mtu huyo ni malkia. Mume wake mwenyewe, Laxmidas, hajawahi kula mabaki ya sahani yake.

"Na kwetu," Kokuberwa alijibu, "kisichoonjwa na mpaji hakiliwi. Nilikuwa nakupa heshima."

Mama Vijaya alifikiri kidogo. Kisha akafungua gazeti, ndani mlikuwa na donge la mwisho la sukari guru. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Njoo upike tena. Utaonja pembeni, kipande chako mwenyewe."

Tangu siku hiyo walipika hivyo, na hata samli ya Karagwe iliporudi, Mama Vijaya hakuitia tena. Laxmidas aliuliza samli hii tamu imetoka wapi, wakamcheka wote wawili. Lakini kumsifu Kokuberwa hakumsifu hata siku moja. Kila trei alikuwa na lake. Karanga hazikupepetwa vizuri. Umesukuma nene. Moto umezidi kidogo. Kokuberwa alibisha kila mara, na alikuwa anabisha kwa raha.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo moyoni Jumatano ile alipoingia dukani. Laxmidas alikuwa amezeeka, rafu zilikuwa nusu tupu, na Vijaya alikuwa ameolewa Mwanza. Mama Vijaya alikuwa ameketi nyuma ya mizani. Kokuberwa alimweleza yote, posa, Kagaruki, makubaliano, trei zinazorudi zimefungwa. Alieleza kwa sauti kavu ya mtu anayejizuia. Mama Vijaya hakusema pole. Aliuliza ni siku gani, akaambiwa Jumamosi. Akapima madonge matatu, akaongeza la nne, akafunga kwa gazeti.

"Angalia moto," alisema tu.

Jumamosi asubuhi Kokuberwa hakupikia jikoni. Alitoa mafiga nje, katikati ya uwanja, mahali ambapo kila anayepita njiani angemwona. Kama wanataka kuangalia, waangalie. Na kweli waliangalia. Siku hiyo majirani walikuwa na safari nyingi za kisimani. Alikaanga karanga kwenye kikaango kikavu mpaka zikaanza kuruka, akazisugua kwa mikono, akazipepeta kwenye ungo, maganda mekundu yakaruka na upepo. Alibabua majani matatu. Alitwanga karanga za mafuta, akapaka. Kisha akaweka sukari guru motoni, nayo ikaanza kuyeyuka na kutoa povu, na harufu yake ikapanda mpaka barabarani.

Alikuwa ameshashika kijiko kudondosha tone pale Celina alipotoka ndani amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, la kitambaa cha manjano kilichobaki kwenye sanduku la baba yake. Alisimama kizingitini, akauliza kama linamkaa.

Kokuberwa alinyanyua kichwa. Alimwona Clavery katika mishono ile, katika kola iliyolala bila kasoro, na kijiko kikabaki hewani. Akasema linamkaa. Akasema baba yake angelitembeza mtaa mzima kulionyesha. Kisha akakumbuka sufuria, akadondosha tone, likavunjika tak, akaipua haraka, akatia karanga, akageuza mara tatu na kumwaga. Alisukuma kwa kifimbo cha chapati, akakata vipande vya mraba kabla kashata hazijakauka. Zilibanduka bila kuacha hata alama kwenye jani.

Saa nne wageni walifika. Walikuwa saba, wakiongozwa na Benadetha, shangazi yake Josia, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha ambaye ukoo mzima wa Rubafu ulimngoja aseme ndipo useme. Josia alikuja nyuma, amevaa koti, macho chini kama inavyompasa mkwe. Waliketi kwenye viti vilivyoazimwa, chini ya turubai. Walisalimiana kwa urefu unaostahili. Kagaruki alitafuna buni moja, akazungusha akamwani, wakatafuna. Alionja lubisi, wakanywa. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa, na Kagaruki alianza kutabasamu.

Hapo ndipo pikapu kuukuu ya Laxmidas ilipoingia uwanjani. Akashuka Mama Vijaya, peke yake, amevaa sari nyeupe yenye pindo la kijani, chupa yake ya maji mkononi. Kokuberwa hakuwa amemwalika, na kwa muda alisahau hata kusalimia. Wageni karibu wote walimfahamu. Nani katika nchi ile hajawahi kununua chumvi au mafuta ya taa pale dukani? Walimpa kiti. Kagaruki, kwa adabu tu, alimkaribisha lubisi, akakataa. Alimkaribisha akamwani, akagusa kifua kwa mkono, akakataa. Benadetha alicheka, akawaambia wenzake kwamba huyu mama hakula hata kwenye harusi ya dada yake yeye Benadetha mwaka wa sitini na saba, alikunywa maji ya chupa hiyo hiyo. Mama Vijaya alisema chupa imebadilika, maji ni yale yale. Wote wakacheka.

Kicheko kilipokwisha, Kokuberwa alitoka ndani.

Alikuwa amezipanga kashata kwenye kikapu cha ukindu juu ya jani bichi. Alitembea mpaka katikati, akapiga goti mbele ya Benadetha. Majirani walisogelea ua ili waone. Alichukua kipande cha juu kabisa, akakiuma, kikalia tak, akatafuna, akameza. Kile kilichobaki alikirudisha juu ya vingine, ili kila mtu aone mahali meno yalipopita. Kisha akanyoosha kikapu kwa mikono miwili.

"Karibuni," alisema. "Nimepika mwenyewe."

Benadetha alitazama kikapu. Akatazama mikono yake mwenyewe mapajani, akaanza kukunja pindo la kanga yake, akalikunjua, akalikunja tena. Mzee aliyekuwa karibu naye aligundua kwamba kuna kitu cha kuangalia kwenye kiatu chake. Josia alinyanyua mkono, lakini mkwe hatangulii mbele ya shangazi yake, na mkono ukarudi. Nyuma ya pazia Celina aliziba mdomo. Kokuberwa alibaki amepiga goti, kikapu kimenyooshwa, na kila pumzi ilikuwa ndefu kuliko iliyopita. Aliona kwa pembe ya jicho Kagaruki anainuka taratibu kwenda kukipokea kikapu, kama walivyokubaliana. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alijiambia asilie, angalau asilie mbele yao.

"Kokuberwa. Lete hapa."

Sauti ilikuwa ile ile ya jikoni. Kokuberwa aligeuka, akampelekea kikapu na kupiga goti tena bila kujua anachofanya. Mama Vijaya aliweka chupa ya maji chini, kwenye nyasi. Alinyoosha mkono wake mwembamba wenye bangili mbili, akapita vipande vyote vizima, akachukua kile kilichoumwa.

Akakitia mdomoni.

Alitafuna kwa muda mrefu, macho yametazama mbele, kama alivyotafuna miaka yote. Benadetha alikuwa amebaki mdomo wazi.

Mama Vijaya alimeza. "Moto umezidi kidogo," alisema.

Kokuberwa alihisi kitu kinapanda kifuani, na mwanzo alidhani ni kilio, kumbe ni hasira, ile hasira yake ya zamani, tamu na yenye afya. Alisahau wageni. Akasahau kwamba wanampima.

"Haukuzidi," alisema. "Tone limevunjika vizuri, nimeliona kwa macho yangu. Onja tena."

Mama Vijaya akachukua kipande cha pili, akatafuna. "Kidogo," alisema. "Mwishoni, nyuma ya ulimi. Lakini hainati."

"Haukuzidi, Mama Vijaya."

"Umezidi."

Walitazamana, wanawake wawili wa makamo, mmoja amepiga goti na mwingine kwenye kiti cha kuazima, wala hakuna aliyekuwa tayari kushuka. Wageni walimtazama huyu, wakamtazama yule. Na Benadetha, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwaacha watu wengine waamue jambo yeye akiwepo, akashindwa kuvumilia.

"Hebu lete nami nione kama umezidi," alisema.

Akachukua. Akauma. Akafumba macho, akatafuna, na uwanja wote ukamngoja. Akasema moto haukuzidi hata kidogo. Mzee wa kiatu akasema mtu hawezi kuhukumu kesi bila ushahidi, akachukua naye, akatafuna, akasema kwa maoni yake mama wa duka ana hoja. Mwingine akabisha. Kikapu kikaanza kuzunguka. Kila mmoja alilazimika kuonja ili apate kusema, na waliobishana zaidi walionja mara mbili. Kagaruki, aliyekuwa bado amesimama nusu na kuketi nusu, alichukua vipande viwili kwa pamoja, vya kwanza tangu matanga miaka mitatu iliyopita, akatafuna ameinamisha kichwa, na hakusema upande wowote. Josia alikula chake kimyakimya na kulamba vidole.

Kikapu kilimrudia Kokuberwa kikiwa na jani tupu.

Posa ilipita. Ilibishaniwa kama posa zinavyobishaniwa, ng'ombe wakatajwa, mbuzi wakatajwa, lakini hakuna aliyetia shaka tena kama jambo lipo. Wakati wa kuondoka Benadetha alimshika Kokuberwa mkono, akamwambia kwamba siku ya harusi anataka trei tatu, na azitoe yeye mwenyewe, mbele, si nyuma ya pazia.

Mama Vijaya alikuwa ameshapanda pikapu. Kokuberwa alikwenda dirishani akitaka kusema jambo kubwa, na kila alilolitafuta lilikuwa dogo. Mwishowe alisema tu kwamba Mama Vijaya amevunja mwiko wake wa maisha.

"Nimeonja kazi ya mwanafunzi wangu," Mama Vijaya alijibu. "Na moto ulizidi. Msalimie Celina."

Pikapu ikaondoka. Celina alitoka kukunja turubai na wanawake wa jirani, wale waliokuwa na safari nyingi za kisimani asubuhi, ambao sasa walikuwa na mikono mingi ya kusaidia. Mmoja aliuliza kama kuna vipande vilivyobaki. Kokuberwa alisema hakuna, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, ili wasikie na waliokuwa mbali.

Kisha akaenda kwenye mafiga. Sufuria ilikuwa bado haijaoshwa. Aliinama, akakwangua kwa kijiko ukoko wa sukari guru uliogandia chini, akauweka ulimini na kungoja. Utamu ulikuja kwanza, halafu karanga. Halafu, mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi, ukaja uchungu mdogo. Alikumbuka gauni la manjano, na jinsi alivyonyanyua kichwa.

Moto ulikuwa umezidi kidogo. Kokuberwa alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, kisha akaikwangua sufuria yote, akala.